Giza Lililookoa: Jenereta Ndani ya Chombo

Wahenga wa pwani walisema: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtu aweza kutembea mbele na nyuma ya chombo apendavyo, lakini mwisho wa yote atarudi ngamani, kule chini yanakokusanyika maji yaliyovuja. Methali hiyo hutumika kumkumbusha mtu asili yake. Katika makala ya leo tunaichukua kwa maana yake ya kwanza, ile ya mabaharia, kwa sababu katika boti nyingi za siku hizi huko chini, karibu na ngama, ndiko inakofungwa jenereta. Ni mashine isiyoonekana. Hukumbukwa inapozimika tu.

Makala yanahusu namna ya kutafuta hitilafu ya jenereta ya aina hiyo na kuitengeneza. Yanahusu pia jambo moja ambalo wenye boti wengi hulijua wakiwa wamechelewa: hitilafu inayolalamikiwa siyo kila mara ile iliyo na hatari.

Boti iliyo mbali na maji

Guildford ni kitongoji cha magharibi ya Sydney, nchini Australia, kilomita zipatazo 25 kutoka katikati ya jiji. Hakina bandari. Mto Parramatta uko kaskazini yake, na mto Georges uko kusini. Madukani mwake Kiarabu cha watu wa Lebanon husikika kila siku, na katika mitaa ya sehemu hizo za Sydney wanaishi pia watu waliotoka pande nyingi za Afrika. Hata hivyo, anayepita huko siku za kazi ataziona boti zimepandishwa juu ya matrela, zimefunikwa maturubai pembeni mwa nyumba, zikingoja Jumamosi.

Kisa kifuatacho ni cha mfano, na watu wake hawana majina. Hitilafu zilizomo ni zile ambazo mafundi wa boti hukutana nazo mara kwa mara.

Mwenye boti ni mtu wa makamo, mzaliwa wa Mombasa, mwenye mke na watoto wawili. Amenunua boti ya mkono wa pili ya urefu wa mita 8, yenye chumba kidogo cha kulala, na jenereta ya petroli ya kVA 4 iliyofungwa chini ya sakafu upande wa tezi. Jumamosi moja ya Januari, mwezi ambao kule ni kiangazi, familia inaishusha boti katika mto Hawkesbury, kaskazini ya Sydney, na jioni inatia nanga katika ghuba ndogo. Madirisha yanafungwa kwa sababu ya mbu. Jenereta inawashwa ili kuendesha feni, friji na birika la umeme.

Baada ya muda taa zinaanza kuyumba, mara zinafifia, mara zinang'aa. Ilipokaribia saa tatu ya usiku, jenereta ikazimika yenyewe. Ikawashwa, ikazimika tena. Feni zikasimama, joto likazidi, na ikabidi madirisha yafunguliwe, mbu au si mbu. Familia ikalala gizani, na asubuhi ikarudi Guildford bila furaha.

Swali la kwanza la fundi

Fundi anayeitwa ni mzee wa Kiunguja, aliyetumikia miaka mingi katika vyumba vya injini vya meli kabla ya kuhamia Australia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Safari ilikuwaje?"

"Safari njema, mzee, ila jenereta imenitia aibu. Inazimika. Nimeambiwa kuna swichi ya joto inayoizima. Nakuomba uiruke hiyo swichi, uunganishe waya moja kwa moja, iende tu. Jumamosi ijayo nina wageni."

Mzee hakujibu ombi hilo. Aliuliza: "Usiku ule watoto walikuwaje?"

"Watoto? Waliumwa kichwa, na yule mdogo akatapika. Mawimbi yaliwatia kichefuchefu."

"Mlikuwa mmetia nanga ghubani, hapana upepo. Mawimbi yapi, mwanangu?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Fundi mzuri huuliza kabla hajashika bisibisi: mashine ilikuwa ikifanya nini kabla ya kuharibika, nani aliigusa mwisho, na watu waliokuwamo chomboni waliona nini, walisikia nini, waliumwa nini. Majibu hayo humwonyesha aanzie wapi.

Kisha huigawa mashine katika sehemu mbili. Jenereta ni injini, na pamoja nayo ni mtambo unaozungushwa na injini hiyo ili kuzalisha umeme. Injini ikikataa kuwaka, au ikiwaka na kuzimika, hitilafu itafutwe kwanza upande wa injini: mafuta, hewa, cheche za plagi, oili, na maji ya kupozea. Injini ikizunguka vizuri na umeme usitoke, hitilafu itafutwe upande wa pili. Anayezichanganya sehemu hizo mbili hubadilisha vipuri kwa kubahatisha, na pesa humwishia kabla ya hitilafu.

Katika boti yetu taa ziliyumba kwanza, na baadaye injini ikazimika. Zilikuwa dalili mbili, za sehemu mbili. Mzee aliziandika zote mbili, akaanza na injini.

Kigurudumu cha mpira

Jenereta ya nyumbani hupozwa kwa hewa. Ile iliyofungwa ndani ya boti, mahali pasipopita upepo, hupozwa kwa maji ya nje. Maji huingia kwa tundu lililo chini ya chombo, hupita katika vali na chujio, kisha huvutwa na pampu. Pampu hiyo huyasukuma hadi kwenye kipoza joto, ambamo maji ya bahari hupita ndani ya vibomba vyembamba na kuchukua joto la maji ya injini. Mwishowe maji hayo humwagwa ndani ya bomba la moshi na kutoka nje pamoja na moshi wenyewe. Ndiyo maana boti iliyowasha jenereta huonekana ikitema maji ubavuni.

Ndani ya pampu mna impela, yaani kigurudumu cha mpira chenye mapezi. Ni kipuri cha bei ndogo, kinachotosha katika kiganja. Maji yanayopita ndiyo pia yanayokilainisha. Kikizunguka pakavu, mpira husuguana na chuma, hupata moto, na mapezi hukatika baada ya muda mfupi sana.

Mzee alitazama vali, ikawa wazi. Alifungua chujio, likawa safi. Alifungua pampu, akakuta mapezi 2 kati ya 6 hayapo.

"Mwanangu, hii mashine uliiwasha pakavu?"

Mwenye boti alifikiri kidogo. Wiki moja kabla ya safari aliiwasha palepale uani, Guildford, dakika chache tu, kuona kama iko sawa. Alitaka kuhakikisha usalama, na jaribio hilo ndilo lililoiharibu.

Kuna njia sahihi ya kujaribu jenereta ya boti iliyo nchi kavu. Bomba la kuvuta maji huchomolewa kwenye vali na kutumbukizwa katika ndoo, na ndoo hiyo hujazwa maji ya mfereji muda wote mashine inapozunguka. Pampu ivute yenyewe kiasi inachohitaji. Maji ya mfereji yasiunganishwe moja kwa moja na pampu, kwa sababu msukumo wake waweza kuyaingiza maji mahali pasipotakiwa. Vivyo hivyo, mtu anayepiga stata mara nyingi bila injini kuwaka afunge kwanza vali ya maji. Injini isiyowaka haina moshi wa kuyasukuma maji nje. Maji yatajaa katika kisanduku cha ekzosi, na yaweza kurudi hadi ndani ya silinda.

Impela mpya ingefungwa kwa nusu saa, na wengi wangeishia hapo. Mzee aliuliza yako wapi yale mapezi mawili. Mpira uliokatika haupotei. Alifungua mdomo wa kipoza joto, akaviona vipande vimekwama kwenye vibomba. Kama angeviacha, impela mpya ingesukuma maji dhidi ya mlango uliofungwa, na jenereta ingezimika tena katika safari ya pili.

Moshi ulipita wapi?

Sasa lilibaki swali la watoto. Moshi wa injini ya petroli hutoka ukiwa na joto la mamia ya nyuzi, na bomba la mpira haliwezi kuustahimili. Linalolinda bomba hilo ni yale maji yanayomwagwa ndani yake kwenye kiwiko cha ekzosi. Maji yakipungua, mpira huiva, hukauka na kupasuka. Kiwiko chenyewe, kinachopata joto, chumvi na maji kwa pamoja, huliwa na kutu kutoka ndani, na kwa nje huendelea kuonekana kizima.

Mzee alichukua tochi na kioo kidogo, akatazama upande wa chini wa bomba, ule usioonekana kwa macho. Paliwa na ufa wa urefu wa kidole, na kandokando yake masizi meusi.

Hapo kisa kizima kikaungana. Jenereta iliwashwa pakavu uani. Mapezi yakakatika. Maji yakapungua. Bomba la moshi likaiva na kupasuka. Moshi ukaingia chini ya sakafu, na kutoka huko ukapenya hadi katika chumba cha kulala ambacho madirisha yake yalifungwa kwa ajili ya mbu. Watoto wakaumwa kichwa. Joto la injini likapanda hadi swichi ikaizima. Feni zikasimama, na madirisha yakafunguliwa.

Giza lile alilolilalamikia baba ndilo lililowaokoa watoto wake. Na ile swichi aliyotaka irukwe ndiyo iliyolileta giza hilo.

Hewa isiyo na harufu

Moshi wa injini una gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Inapovutwa hushikana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na hivyo damu hushindwa kubeba oksijeni. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Nchi kavu hudhaniwa kuwa homa. Chomboni hudhaniwa kuwa ni mawimbi, jua kali au kinywaji. Aliyelala aweza asiamke kabisa.

Injini ya petroli hutoa gesi hiyo kwa wingi kuliko ya dizeli, lakini moshi wa dizeli nao si wa kupumua.

Hatari hii ilidhihirika wazi katika Lake Powell, ziwa lililoko kwenye mpaka wa majimbo ya Utah na Arizona, Marekani, ambako watu hukodi boti zenye vyumba kama nyumba. Uchunguzi wa taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, NIOSH, pamoja na washirika wake, ulihesabu watu 111 waliopatwa na sumu ya gesi hiyo katika ziwa hilo kati ya mwaka 1990 na 2000. Kati yao 74 walikuwa katika boti za nyumba, na kwa 64 kati ya hao chanzo kilikuwa ni moshi wa jenereta peke yake. Baadhi ya waliokufa hawakuwa ndani ya boti. Walikuwa wakiogelea nyuma yake, karibu na mahali ambapo moshi wa jenereta ulitokea, chini ya jukwaa la kuogelea. Walipoteza fahamu majini, wakazama.

Kwa hiyo haitoshi kuwa ndani ni salama. Jenereta inapozunguka, mtu asiogelee karibu na tundu la moshi. Boti mbili zilizofungwa ubavu kwa ubavu zaweza kupeana sumu. Na upepo wa nyuma hurudisha moshi chomboni.

Mtu akishukiwa kuivuta gesi hiyo, atolewe mara moja kwenye hewa safi, mashine izimwe, na msaada wa daktari utafutwe hata kama anaonekana kupata nafuu. Mzee alimwambia baba awapeleke watoto wakaangaliwe siku ileile, kabla ya kuzungumza habari ya vipuri.

Injini inazunguka, umeme hakuna

Pampu, kiwiko na bomba vilibadilishwa vyote. Jenereta ikawashwa, safari hii ikinywa maji ya ndoo. Injini ikazunguka vizuri, joto likatulia. Lakini taa hazikuwaka. Ndiyo ile dalili ya kwanza, ya taa kuyumba.

Ili kuielewa, inafaa kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1831, mjini London, Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya uliosukwa, umeme hupita katika waya huo. Mashine za awali zilitegemea sumaku za kudumu, nazo nguvu zake zilikuwa ndogo. Mnamo 1866 na 1867 wavumbuzi kadhaa, miongoni mwao Werner von Siemens wa Berlin na Charles Wheatstone wa London, walieleza njia nyingine. Chuma kilichowahi kuwa sumaku hubaki na sumaku kidogo hata baada ya umeme kukatwa. Mashine ikianza kuzunguka, sumaku hiyo kidogo huzalisha umeme kidogo. Umeme huo ukirudishwa kwenye koili za mashine yenyewe, sumaku huongezeka, na umeme huongezeka nao, hadi nguvu kamili ifikiwe. Miaka michache baadaye, mwaka 1880, meli ya abiria Columbia ya Marekani ilisafiri ikimulikwa kwa taa za umeme za Edison.

Basi jenereta nyingi ndogo huanza kazi kwa kumbukumbu. Chuma chake hukumbuka kwamba kiliwahi kuwa sumaku. Jenereta iliyokaa muda mrefu bila kutumika yaweza kusahau.

Upimaji wa umeme unaoendelea kuzalishwa si kazi ya kujifunzia. Mzee alimwita fundi wa umeme mwenye leseni. Walitazama kwanza vitu vyepesi: swichi ya kukatia umeme, ambayo ilikuwa imewashwa, na swichi ya kuchagua kati ya umeme wa jenereta na ule wa gatini, ambayo ilikuwa mahali pake. Kisha fundi wa umeme akaweka mita kwenye ncha za jenereta yenyewe. Mita ikasoma volti 4.

Asiyejua angesema imekufa. Mjuzi huisoma namba hiyo vingine. Kama sumaku ya chuma ingekwisha, mita ingesoma sifuri au karibu yake, na dawa ingekuwa kuirudishia mashine kumbukumbu yake kwa umeme mdogo wa betri, kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji ili ncha zisigeuzwe. Volti chache maana yake ni kwamba kumbukumbu ipo, na koili zinazozalisha zina uhai. Kinachokosekana ni ule umeme wa kurudishwa. Hapo yabaki machache ya kutazamwa: kidhibiti volteji, nyaya zake, na brashi za kaboni zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Katika mashine zisizo na brashi hutazamwa kapasita na dayodi.

Mashine ikazimwa, betri ikatenganishwa, kifuniko kikafunguliwa. Brashi moja ilikuwa imenata katika nyumba yake kwa chumvi na uchafu wa kijani. Ilikuwa ikigusa na kuacha, ikigusa na kuacha, na taa ziliyumba vivyo hivyo. Ilisafishwa nyumba yake, zikawekwa brashi mpya, na pete zake zikapanguswa.

Zilibaki hesabu za mwisho. Jenereta ya boti hii huzunguka mara 3000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde, na ndiyo sababu umeme wake ni wa hezi 50, kama wa Australia na wa Afrika Mashariki. Anayenunua jenereta iliyotoka Marekani akumbuke kwamba ile imetengenezwa kwa hezi 60. Bila mzigo, mita ilisoma hezi 52. Birika lilipowashwa, ikashuka hadi karibu na 50 na kutulia. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ikishuka sana, ama injini imechoka ama mzigo umezidi. Birika la wati 2200 na kikausha nywele cha wati 1800 vikiwashwa pamoja, jenereta ndogo kama hii imekwisha jaa, hata kabla ya kuhesabu friji.

Kutoka Sydney hadi Unguja

Msikilizaji wa Kilwa, wa Mwanza au wa Lamu aweza kusema kwamba mambo haya ni ya watu wenye boti za starehe. Lakini jenereta ndogo za petroli, zile za kubeba kwa mkono, zimekwisha ingia katika vyombo vya kwetu pia: za taa za kuvulia usiku, za friji, za kuchaji simu na betri. Hizo hazina pampu ya maji, na kwa sababu huwekwa juu watu hudhani hazina hatari. Hatari huanza siku ya mvua, jenereta inapoingizwa chini ya turubai au ndani ya chumba ili isilowe, na mabaharia wakalala pembeni yake.

Kanuni zake ni chache. Jenereta ya kubebwa isizungushwe ndani ya chumba wala chini ya turubai, hata kwa dakika chache, hata mlango ukiwa wazi. Isitiwe petroli ikiwa ina moto au inazunguka. Petroli iliyokaa miezi mingi huacha utando katika kabureta, nao ndio huwa sababu ya kwanza ya mashine kukataa kuwaka baada ya msimu. Bora kabureta imwagwe mafuta kabla ya kuiweka. Kwa dizeli, maji na hewa ndani ya mafuta ndivyo vya kutafutwa kwanza: chujio limwagwe maji, na hewa itolewe katika njia ya mafuta. Na kwa kuwa maji ya chumvi na volti 230 havipatani, kuwe na ile swichi inayokata umeme unapovuja kiasi cha miliampia 30, nayo ijaribiwe kwa kitufe chake mara kwa mara.

Injini ya petroli iliyofungwa ndani ya chombo ina sharti moja zaidi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutuama ngamani. Kabla ya kuwasha, feni ya kutoa hewa chafu izungushwe angalau dakika 4, na mtu ainame anuse. Akisikia harufu ya petroli, asiguse swichi yoyote.

Marejeo ni ngamani

Kazi ilipokwisha, mzee alifunga vitu viwili ambavyo mwenye boti hakuviomba: kengele za kutambua kaboni monoksaidi, za aina inayotengenezwa kwa vyombo vya majini, moja katika chumba cha kulala na moja karibu na usukani. Ile swichi ya joto aliisafisha, akaijaribu, akairudisha mahali pake.

"Jumamosi hii hamwendi," alisema. "Nataka niitazame tena ikizunguka saa mbili nzima, na bomba liwe kavu."

"Na wageni, mzee?"

"Wageni wapikie pilau."

Jumamosi hiyo wageni walikula pilau uani Guildford, boti ikiwa juu ya trela kando yao, na bomba la mfereji likimwaga maji ndani ya ndoo. Jenereta ilizunguka saa mbili. Kila robo saa baba aliondoka mezani, akainama kwa tochi na kioo, akatazama upande wa chini wa bomba, ule usioonekana.

Wasikilizaji wapenzi, mwenye chombo aliye na jenereta aweza leo hii kuteremka na kutazama mambo matatu: kama maji yanatoka sawasawa na moshi, kama kuna masizi mahali pasipostahili, na kama ipo kengele itakayomwamsha. Na siku mashine itakapozimika yenyewe, kabla ya kuilaumu swichi iliyoizima, aulize kwanza ilikuwa ikimzuilia nini.